Kusimamia watu wa kujitolea katika mashirika ya Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa waratibu wa mashirika madogo ya Kampala, Mbarara, Arua na kambi za wakimbizi, hasa Nakivale, ambako Kiswahili ndicho kinachounganisha ofisi na vijiji. Ni yale yanayorudi kila kikao. Nayajibu kama mratibu ambaye amekosea mengi kabla ya kupatia machache, kwa hiyo pale ninapotoa maoni yangu utayatambua.

## Mwanzo: nani ni nani

1. Mjitolea ni nani hasa? Mbona wengine wanapokea pesa kila mwezi?

Mjitolea ni mtu anayetoa muda wake kwa hiari yake, bila mshahara, na anaweza kuacha akitaka. Akirudishiwa nauli au akila chakula cha mchana kwenye mafunzo, bado ni mjitolea.

Mambo hubadilika pale anapokuwa na saa za kuingia na kutoka siku tano kwa wiki, anaomba ruhusa ili akose siku, na mwisho wa mwezi anapokea kiasi kilekile kisichohusiana na gharama yoyote aliyoingia. Huyo ameshaanza kuwa mwajiriwa, hata kama karatasi inamwita volontia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua mkataba wa kazi ulioandikwa na ule wa mdomo, na hata ule unaoonekana tu katika matendo. Na tangu marekebisho ya 2022 ya sheria ya NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kuchangia asilimia 10 ya mshahara, na asilimia 5 inakatwa kwa mfanyakazi. Bodi nyingi hugundua haya siku mtu anapoachishwa kwa ugomvi na kwenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya.

2. Watu wetu wamezoea bulungi bwansi. Fomu na makubaliano ni vya nini?

Swali zuri, na huulizwa zaidi na wazee. Katika bulungi bwansi ya Buganda, watu wa kijiji hutoka pamoja kusafisha kisima au kufyeka barabara. Kazi inaisha siku hiyohiyo, na anayefyeka ndiye atakayechota maji au kupita njia ile. Tena, na hili ndilo kubwa, hakuna hata mmoja aliyeshika jembe pale anayelipwa.

Kwetu sisi mashirika, mjitolea anatembea nyumba kwa nyumba miezi tisa kwa faida ya watu wengine, akiwa chini ya msimamizi mwenye mshahara, gari na chupa ya maji baridi. Yeye anaiona tofauti hiyo kila siku. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanaiweka wazi: utafanya nini, siku ngapi, utarudishiwa nini, hutapata nini, na lini tutakaa tuzungumze. Yaandikwe kwa lugha anayoisoma, au asomewe kwa sauti kabla ya kutia kidole gumba.

3. Kikundi chetu ni kidogo, si NGO. Tunaruhusiwa kuwa na wajitolea?

Ndiyo. Kikundi cha kijamii husajiliwa kwenye wilaya. NGO husajiliwa chini ya sheria ya 2016, na tangu marekebisho ya 2024 shughuli zake ziko chini ya idara ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Lililo muhimu kwa mjitolea ni kwamba kitambulisho unachompa kiwe na muhuri wa chombo kinachotambulika, ili mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, asimzuie njiani.

4. Tunahitaji wajitolea wangapi?

Wachache kuliko walioandikwa kwenye pendekezo la mradi. Kipimo changu: wale ambao mratibu mmoja anaweza kuwapigia simu kwa majina yao ndani ya wiki moja. Wakizidi hapo, tafuta mratibu wa pili au punguza.

## Kuwapata na kuwachuja

5. Tuwatafute wapi?

Wengi huanza kwa mwenyekiti wa LC1 au, kwenye kambi, viongozi wa wakimbizi. Ni sawa kwa heshima na taarifa, lakini orodha usiichukue kama ilivyo. Mara nyingi ina shemeji, mpwa na mtoto wa dada. Nenda pia kwenye vikundi vya akiba vya akina mama, misikiti, makanisa, na kwa mafundi cherehani, ambao husikia kila kitu.

Neno moja kuhusu VHT, yaani wale wahudumu wa afya wa vijiji ambao serikali ilianza kuwaunda mwaka 2001. Kila shirika linapofika kijijini huwakimbilia wao: vyandarua wao, chanjo wao, lishe wao, mafunzo ya usafi wao. Mtu mmoja anabeba mikoba ya mashirika manne na bado ana shamba. Kabla hujamwongezea wa tano, muulize nani jirani yake mwenye moyo ambaye hajawahi kuitwa na mtu.

6. Vijana waliomaliza chuo wanajitolea wakitegemea kuajiriwa. Tuwakubali?

Wakubali, lakini usiwatege. Sentensi kama "tukipata pesa tutakufikiria" imewaweka vijana wengi miaka miwili kwenye benchi la ofisi wakipiga chapa ripoti za watu. Sema tarehe ya mwisho siku ya kwanza. Waambie watatoka na nini: barua ya sifa inayotaja kazi walizofanya, na mtu mmoja ofisini atakayepokea simu ya mwajiri mpya. Nafasi ikitangazwa, waombe kama wengine.

7. Tumchunguze mtu kiasi gani?

Kwa kazi ya kubandika mabango, kitambulisho na mdhamini mmoja vinatosha. Kwa kazi inayogusa watoto, wagonjwa au pesa, taka barua ya LC1, wadhamini wawili ambao utawapigia kweli, na mahojiano ya ana kwa ana. Cheti cha tabia njema hutolewa na Polisi kupitia ofisi ya Interpol mjini Kampala na kinalipiwa. Ukikitaka, kilipie wewe pamoja na safari.

Cheti hakikupi usalama peke yake. Kanuni ya kazini ndiyo kinga: hakuna mjitolea anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, hata awe mchungaji au shehe.

## Pesa

8. Tuwape pesa gani, na kwa utaratibu upi?

Kwanza safisha neno. Mwaka wangu wa kwanza Nakivale nilitangaza kwenye kikao kwamba "wajitolea watapata posho". Wakongo na Warundi wakaelewa pesa. Waganda wakaelewa ugali, maana Uganda posho ni ule ugali wa unga wa mahindi unaoliwa na maharagwe. Saa saba mchana nusu ya watu walikuwa wameketi wanangoja sahani, na nusu nyingine walikuwa wamepanga foleni kwenye meza ya mhasibu. Hatukuwa na chochote kati ya hivyo viwili. Tangu siku hiyo nasema "nauli", "chakula cha mchana" au "pesa ya simu", kila kitu kwa jina lake na kiasi chake. Neno fasilitesheni (pesa ya kuwezesha kazi), analolipenda kila mtu, ni gunia: kila mmoja hutia ndani anachokitaka.

Kanuni ninayoishika ni moja: mjitolea asirudi nyumbani akiwa maskini kuliko alivyotoka. Hesabu basi kama yeye anavyohesabu. Tuseme boda kwenda ni shilingi 5,000 na kurudi 5,000. Ongeza chakula, kwa sababu hatakuwa karibu na jiko lake. Ongeza dakika za simu alizotumia kukutafuta wewe. Ukimtumia kwa simu, ongeza ada ya kutolea na ile kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa kwenye kutoa pesa tangu 2018. Mtu unayemtumia 10,000 kamili hapati 10,000 mkononi, na shilingi mia kadhaa kwako ni kitu kidogo, kwake ni chumvi na kiberiti.

Sasa jambo lililonifundisha kuliko semina zote. Siku moja tulikuwa tunarudisha nauli ya mwezi, chini ya mti, na daftari la mahudhurio. Mama mmoja wa eneo la Rubondo alifika viatu mkononi, miguu imepakwa vumbi hadi magotini. Nikamwambia, "Mama, si tunakurudishia boda?" Akajibu, "Mwanangu, boda anataka pesa leo, ninyi mnanipa mwezi ukiisha. Hiyo ya leo nitaitoa wapi?" Alikuwa akisaini nauli ya boda na kutembea, na hakuwa mwizi hata kidogo. Shirika ndilo lililokuwa likimkopa yeye. Kurudisha nauli baadaye kunawafaa wenye akiba, na wasionayo hutembea au huacha kimyakimya. Tulibadilisha: nauli ya wiki inatolewa Jumatatu asubuhi, na hesabu inafungwa Ijumaa. Mhasibu alinung'unika mwezi mmoja, akazoea.

9. Pesa ikichelewa wiki mbili tatu kuna ubaya gani?

Ukishasoma jibu la 8 unajua. Kama kuchelewa hakuepukiki, piga simu kabla ya tarehe, si baada. Watu husamehe benki. Ukimya hawausamehi.

10. Wakaguzi wanataka sahihi na risiti, lakini boda hatoi risiti. Tufanyeje?

Andika viwango vya nauli kwa kila kijiji, vipitishwe na bodi, na vibandikwe ukutani wanapoviona wajitolea wenyewe. Karatasi ya malipo ionyeshe jina, kijiji, tarehe na kiasi kabla mtu hajasaini. Mambo mawili usiyaruhusu hata siku moja: kusaini karatasi tupu "tutajaza baadaye", na kusaini 20,000 huku mtu akipokea 15,000. Hilo la pili ni wizi, na kijiji kizima kitajua kabla ya bosi wako.

11. Shirika jirani linalipa mara mbili yetu. Wajitolea wanahama.

Waache wahame kwa amani. Kisha kaeni na jirani huyo mkubaliane viwango. Kwenye kambi za wakimbizi kuna vikao vya pamoja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ambako hoja hiyo inaweza kuletwa. Mkishindana kwa nauli, shirika dogo halishindi. Na nimeona walioondoka kwa ajili ya shilingi 5,000 wakirudi kwa sababu kule walikuwa wakiitwa "wewe wa kizibao".

## Kazi ya kila siku

12. Mafunzo yachukue siku ngapi?

Mbili za darasani zinatosha kwa kazi nyingi, kisha wiki mbili za kutembea na mjitolea wa zamani. Watu hujifunza kubisha hodi kwa kumwona mwenzao akibisha.

Lugha ndiyo inayotushinda. Nakivale utasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Runyankore kabla ya saa nne asubuhi, halafu mwezeshaji anatoka Kampala na slaidi za Kiingereza. Wenye Kiingereza chao hutikisa kichwa, wengine hutikisa kwa kuwaiga. Mwulize mtu yeyote akueleze kwa maneno yake alichosikia. Hapo ndipo utajua kama umefundisha.

13. Mjitolea hatokei, au anachelewa kila mara. Tunaweza kumkemea?

Unaweza kumwuliza. Angalia kwanza kalenda, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba ndizo za kupanda, na mtu mwenye kipande cha shamba hatakiacha kwa ajili ya kikao chako. Siku ya mgao wa chakula pia usipange kitu. Mashirika mengi huita "utovu wa nidhamu" jambo ambalo kwa kweli ni ratiba mbovu.

Kama si hivyo, mwite faraghani, si mbele ya kundi. Anza na salamu zote, mpaka za watoto. Mara nyingi kuna ugonjwa nyumbani, au msimamizi mmoja amemvunjia heshima. Akikosa mara ya tatu bila neno, mpumzishe: mshukuru, chukua vifaa, mwachie mlango wazi. Mtu mzima hafukuzwi kazi ambayo halipwi.

14. Ripoti za wajitolea hazieleweki. Tuziboresheje?

Fupisha fomu. Chukua ya sasa, futa kila swali ambalo hakuna aliyelitumia miezi sita iliyopita, na utabaki na mistari minane. Wasiopenda kuandika waripoti kwa simu, mratibu aandike.

15. Kundi la WhatsApp linatosha kuendesha kazi?

Linatosha kwa "kesho tunakutana saa tatu". Lina kasoro mbili. Wenye simu za kitochi hawamo, na aghalabu ndio wanawake na wazee unaowahitaji sana. Halafu kuna siri za watu. Nimeona picha ya kadi ya kliniki, jina na namba ya simu ya mgonjwa, imetupwa kwenye kundi la watu 60 ili kuuliza "huyu ni wa kijiji gani?" Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data binafsi ya 2019 inakuhusu hata kama aliyetuma ni mjitolea, kwa sababu alikuwa akikusanya taarifa hizo kwa niaba yako. Weka kanuni: majina ya wahudumiwa hayaingii kwenye kundi, yanapigiwa simu.

16. Tuwashukuruje?

Waulize. Tarehe 5 Desemba, siku ya kimataifa ya kujitolea iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, wengi hugawa fulana. Wajitolea wetu walisema fulana wanazo, walichotaka ni barua yenye muhuri inayotaja miezi na kazi. Wengine walitaka mkurugenzi afike kijijini kwao, akae kwenye mkeka, anywe chai. Alikuja. Bado wanamtaja.

## Mambo magumu

17. Wakimbizi wanaweza kujitolea?

Wanaweza, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa pia haki ya kufanya kazi. Ndiyo maana swali linageuka: kama anaweza kuajiriwa, kwa nini unamwita mjitolea? Mkalimani anayekaa kliniki tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, siku tano, anafanya kazi ambayo zahanati haiendi bila yeye. Rudi kwenye jibu la 1 ujipime. Kama hakuna bajeti ya mshahara, gawanya zamu kwa watu wanne ili kila mmoja abaki na siku za kutafuta riziki.

18. Wageni kutoka Ulaya au Marekani wanataka kujitolea wiki mbili.

Viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Fuata utaratibu wa Idara ya Uhamiaji mapema. Kisha jiulize nani ataacha kazi yake kuwatafsiria na kuwasindikiza. Fundi kompyuta mwenye wiki mbili anaweza kusaidia ofisi kweli. Kwenye makao ya watoto mimi nakataa: mtoto huzoea mtu, mtu hupanda ndege, na baada ya wageni sita mtoto humkumbatia yeyote anayeingia getini.

19. Mjitolea akiumia akiwa kazini?

Usingoje ajali ya boda ndipo ujue. Zipo bima za ajali za kundi kutoka kampuni za hapa, weka gharama hiyo kwenye bajeti kabla ya fulana. Andika mapema nani anapigiwa simu na nani analipa hospitali usiku huohuo. Boda wanaobeba wajitolea wako wawe na kofia ya abiria.

Kwenye magonjwa ya mlipuko kuna mstari. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, wajitolea wa Msalaba Mwekundu wa Uganda walishiriki kuzika waliofariki kwa usalama na kwa heshima, kazi inayotaka mafunzo na mavazi kamili ya kujikinga. Shirika lisilo na vitu hivyo limpe mjitolea kazi ya redio au simu. Ari yake isikudanganye.

20. Kuna minong'ono kwamba mjitolea wetu anataka "kitu" kwa wanawake ili awaandikishe. Lakini si mfanyakazi wetu.

Kwa yule mama anayeandikishwa, ni mfanyakazi wenu. Aliye na kalamu ya orodha ya sabuni ana mamlaka makubwa kuliko mkurugenzi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2003 zinakataza kubadilishana msaada kwa ngono na kujamiiana na aliye chini ya miaka 18, na wafadhili wengi wanataka wajitolea nao wazisaini. Mwondoe kwenye orodha siku hiyohiyo wakati uchunguzi ukiendelea, na uchunguzi usifanywe na rafiki yake. Mhanga apewe huduma kwanza, maswali baadaye. Ikihusu mtoto, namba ya bure ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ni 116, na polisi ni lazima. Wazee wakisema "tumalize hapa nyumbani", wasikilize kwa adabu na uendelee na utaratibu.

21. Mradi unafungwa. Wajitolea tuwaambie nini, na lini?

Siku unapojua wewe, au miezi mitatu kabla, chochote kitakachotangulia. Waambie ana kwa ana. Pangeni pamoja nani atapokea familia walizokuwa wakizitembelea, na mpeleke majina kwa VHT au shirika linalobaki kwa ridhaa ya familia hizo. Barua za sifa ziwe tayari siku ya mwisho (jibu la 6 na la 16), maana ofisi ikishafungwa hakuna wa kupiga muhuri.

Na kusanya vizibao na vitambulisho, kimoja kimoja, kwa namba, mtu akisaini. Sisi tulisahau vitatu. Mwaka uliofuata nikiwa sokoni New Congo, humohumo Nakivale, nilikuta kijana nisiyemjua amevaa nembo yetu, ana daftari, anaandikisha watu kwa ajili ya mgao usiokuwepo, shilingi 2,000 kila jina. Foleni ilikuwa ndefu.